Vyeti saba halali, boriti nyembamba: kisa cha rangi ya kuzuia moto kwenye fremu ya chuma, Tanga

Jengo la kisa hiki ni la mfano. Tumelijenga kwa makosa yanayojirudia kwenye saiti za fremu za chuma, tukaliweka Tanga kwa sababu hewa ya pwani huyaanika makosa hayo mapema kuliko bara. Vipimo vya vyuma vimetoka kwenye majedwali ya kawaida ya watengenezaji wa vyuma, na hesabu za rangi mtu yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuzirudia.

Ni ghala lenye ofisi za ghorofa tatu, kando ya barabara ya Pongwe. Nguzo ni HEB 200, boriti kuu ni IPE 300, boriti ndogo ni IPE 160 (majina ya vyuma vya umbo la H na I, namba ikiwa kimo chake kwa milimita), na juu ya boriti zote imelala slabu ya zege. Mhandisi mshauri alitaka fremu istahimili moto kwa dakika 60, na akachagua rangi ya kuvimba, ile ambayo kwenye moto hugeuka povu nene la kukinga chuma, badala ya mbao za jasi au plasta ya vamikulaiti, kwa kuwa mwenye jengo alitaka chuma kionekane. Mkataba ulikuwa na sentensi moja kuhusu mafundi: kazi ifanywe na wapakaji waliothibitishwa. Mkandarasi mdogo alileta mafundi saba na nakala saba za vyeti. Karani wa saiti akazipiga muhuri, akaziweka kwenye faili, kazi ikaanza.

Wiki chache baadaye mkaguzi huru aliitwa kabla ya hati ya malipo kusainiwa. Alikataa sehemu kubwa ya boriti ndogo, akakataa upande mzima wa lango la kupakilia mizigo, na akaomba kuliona tena lile faili la vyeti. Hakukuwa na cheti hata kimoja cha kughushi. Hapo ndipo kisa hiki kinapofaa kuchambuliwa, maana cheti cha kughushi ni kazi ya polisi. Vyeti halali visivyohusiana na kazi iliyopo vinapita mbele ya macho ya watu waaminifu kila siku.

Vyeti vyenyewe vilisema nini

Vinne vilikuwa vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, fani ya upakaji rangi. Ni vyeti vizuri. Mwenye navyo anajua kuandaa uso, kuchanganya rangi, kushika brashi na rola, na kwa kiasi fulani kutumia mashine ya kupulizia. Ila mtaala wa upakaji rangi unamwandaa mtu kwa rangi ambayo kazi yake ni kupendeza na kukinga kutu. Hapo ukipaka nyembamba, ukuta unaonekana hafifu na mteja analalamika siku hiyo hiyo. Rangi ya kuvimba ukiipaka nyembamba inapendeza vilevile, na hakuna atakayejua mpaka siku ya moto.

Viwili vilikuwa barua za mafunzo ya siku moja kutoka kwa mtengenezaji wa rangi ya kuvimba ya maji. Rangi iliyokuwa stoo ilikuwa ya mtengenezaji mwingine, na ni ya kiyeyusho. Mkataba wa awali ulitaja ile ya maji, ikachelewa kufika, na mkandarasi akaomba kubadilisha. Kiufundi ombi hilo lilikuwa la busara: masika yalikuwa yanakaribia, na rangi ya maji hukauka kwa shida pale unyevu wa hewa unapopanda. Mshauri akakubali bidhaa mpya kwa barua. Barua haikusema lolote kuhusu mafundi.

Cha saba kilikuwa cha kampuni. Kilisema kampuni ya mkandarasi mdogo ni mpakaji anayetambuliwa na mtengenezaji wa rangi iliyokuwa stoo, yaani bidhaa sahihi kabisa. Hakikuwa na jina la mtu. Aliyehudhuria mafunzo kwa niaba ya kampuni alikuwa kwenye kazi nyingine Dar es Salaam.

Kwa hiyo ofisi ya saiti ilikuwa na ushahidi wa ufundi wa rangi, ushahidi wa bidhaa nyingine, na ushahidi wa bidhaa sahihi kwa mtu asiyekuwepo. Kila kimoja kilijibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Swali la kazi hii lilikuwa hivi: fulani bin fulani, aliyesimama kwenye jukwaa leo, amefundishwa na kupimwa kupulizia bidhaa hii, kwa mashine hii, kwa unene unaobadilika kutoka chuma hadi chuma? Jibu kwa wote saba lilikuwa hapana.

Kwa nini chuma chembamba kinataka rangi nene

Hapa lazima tukae kidogo, kwa sababu kosa kubwa la saiti hii lilizaliwa hapa.

Chuma hakiungui lakini hulegea. Kikifika nyuzijoto 550 hivi hubaki na takriban asilimia 60 tu ya nguvu yake, na moto wa majaribio wa kiwango cha ISO 834 hufika nyuzijoto 945 kwenye dakika ya 60. Chuma chembamba kisicho na kinga hufika hatua ya kulegea ndani ya robo saa hivi. Kasi ya kupata joto inategemea uwiano wa mzingo unaopigwa na moto kwa eneo la mkato wa chuma chenyewe. Mzingo mkubwa hupokea joto jingi, mkato mdogo una chuma kidogo cha kulimeza.

HEB 200 ina mzingo wa mita 1.15 na mkato wa sentimita za mraba 78.1, hivyo uwiano wake kwa pande zote nne ni 147 kwa mita. IPE 300 chini ya slabu, pande tatu zikiwa wazi, ni 188. IPE 160 kwa pande tatu ni 269. Kwenye jedwali la bidhaa iliyotumika, dakika 60 zilihitaji rangi kavu ya milimita 0.70 kwenye nguzo, 0.95 kwenye boriti kuu, na 1.80 kwenye boriti ndogo. Namba hizi ni za bidhaa hiyo peke yake. Jedwali la mtengenezaji mwingine lina namba zake, na kuzichanganya ni kosa hata kama ndoo zinafanana.

Fundi asiyefundishwa hudhani kinyume chake: nguzo kubwa inabeba jengo, basi ndiyo ipewe rangi nyingi, na kaboriti kadogo kapewe kidogo. Ni dhana ya kueleweka. Kwenye saiti hii hata hawakufika huko. Wale wawili wa rangi ya maji waliwahi kufanya kazi ya jengo lenye chuma cha aina moja na unene mmoja, na wakaamini kwamba dakika 60 ni takriban milimita moja. Wakawafundisha wenzao hivyo.

Mkaguzi alipopima, wastani wa nguzo ulikuwa milimita 1.02, boriti kuu 0.98, boriti ndogo 1.05. Nguzo zilikuwa zimekula rangi bure. Boriti kuu zilipita. Boriti ndogo zilikuwa na asilimia 58 ya unene uliotakiwa, na sehemu za ndani ya flanji (mabawa ya boriti) karibu na slabu, ambako bunduki ya kupulizia haiingii vizuri, zilishuka hadi 0.72. Utaratibu unaofuatwa sana na wakaguzi wa fani hii, uliotoka kwa chama cha wataalamu wa kinga ya moto cha Uingereza, ASFP, ni huu: wastani wa kila kipande ufikie unene uliotajwa, wastani wa uso wowote usishuke chini ya asilimia 80, na pasiwe na somo (namba moja inayosomwa kwenye kipimo) hata moja chini ya asilimia 50. Kwa 1.80, asilimia 80 ni 1.44 na asilimia 50 ni 0.90. Boriti ndogo zilianguka katika vigezo vyote vitatu.

Mkandarasi alikuwa na kipimo chake cha unene, kipya na chenye cheti cha urekebishaji. Tatizo ni kwamba kilikuwa cha kawaida cha rangi za kukinga kutu, kinachosoma hadi milimita 1.5. Boriti ndogo sahihi ingekuwa na 1.80 ya rangi ya kuvimba pamoja na mikroni 60 (milimita 0.06) za praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga kutu. Chombo hicho kisingeweza kuithibitisha kazi hiyo hata ingefanywa vizuri. Mtu aliyepata mafunzo ya bidhaa angelijua hilo siku ya kwanza, kwa sababu ni kati ya mambo ya mwanzo kabisa anayoulizwa: kipimo chako kinafika wapi, na umeondoa unene wa praima kwenye somo?

Stoo ilikuwa inajua

Kosa hili lingeweza kugunduliwa bila kipimo chochote, kwa daftari la stoo tu.

Rangi hiyo ina yabisi, yaani sehemu inayobaki baada ya kukauka, asilimia 70 kwa ujazo. Maana yake, kupata milimita 1.80 kavu unahitaji milimita 2.57 mbichi, sawa na lita 2.57 kwa kila mita ya mraba. Boriti ndogo zilikuwa na jumla ya urefu wa mita 320. Mzingo wa pande tatu ni mita 0.541, kwa hiyo eneo ni mita za mraba 173. Zidisha: lita 445 zinazobaki kwenye chuma. Kupulizia vyuma vyembamba hupoteza rangi nyingi hewani. Tukichukua upotevu wa robo, stoo ilipaswa kutoa lita 593, yaani ndoo 30 za lita 20.

Daftari lilionyesha ndoo 17. Rudisha hesabu nyuma: lita 340, toa robo, zinabaki 255, gawanya kwa 173, unapata lita 1.47 kwa mita ya mraba, sawa na milimita 1.03 kavu. Kipimo cha mkaguzi kilisoma 1.05. Karani wa stoo alikuwa na jibu mezani kwake siku zote hizo, ila hakuna aliyemfundisha swali. Kwa maoni yetu hesabu hii iwe sehemu ya mafunzo ya msimamizi kabla ya kitu kingine chochote, na ifanywe kila jioni kwa kila kundi la vyuma, wala isisubiri mwisho wa kazi.

Mashine, thina na kichana

Mashine yao ilikuwa ya kupulizia rangi za ukutani, yenye tundu la milimita 0.38 na vichujio vyake vyote. Rangi ya kuvimba ni nzito na ina chembechembe zake. Kwa kawaida huhitaji tundu la karibu nusu milimita au zaidi kidogo, vichujio vya kwenye pampu na kwenye bunduki viondolewe, na pampu iweze kushikilia shinikizo la kiasi cha bar 200 kwenye bunduki. Mashine ikaziba. Mafundi wakafanya kile ambacho fundi rangi yeyote angefanya: wakaongeza thina.

Asilimia 10 ya thina inashusha yabisi kutoka 70 hadi 63.6. Kichana, kile kibati chenye meno cha kupimia unene wa rangi mbichi, kikisoma milimita 1.07, fundi anaamini atapata 0.75 kavu, kumbe atapata 0.68. Kwa mikono mitatu, yaani mipako mitatu, pengo linakuwa milimita 0.2. Zaidi ya hapo, rangi iliyolainishwa huteremka kwenye uso uliosimama, ikajikusanya kwenye ukingo wa chini wa flanji na kuacha sehemu ya juu kavu. Mkaguzi aliona michirizi hiyo kabla hajatoa kipimo mfukoni.

Mikono nayo ilirundikwa. Waliotaka kumaliza haraka walipiga mkono wa pili juu ya wa kwanza ambao bado ulikuwa laini ndani. Jua la Tanga hukausha ngozi ya juu upesi na kufungia kiyeyusho chini yake. Kipimo cha unene kikigusa rangi ya namna hiyo, ncha inazama na somo linadanganya. Ndiyo maana mkaguzi alianza kwa kukwaruza kwa ukucha, na alipoona alama imebaki aliahirisha kupima sehemu hizo.

Usalama haukuwa mbaya. Mkandarasi alikuwa amesajili saiti OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, chini ya sheria namba 5 ya mwaka 2003, mafundi walikuwa na mafunzo ya kazi za juu na mikanda yao ilikaguliwa. Ila barakoa walizopewa zilikuwa za vumbi, na rangi ya kiyeyusho inahitaji kichujio cha mvuke. Na hakuna aliyewaambia kuhusu bunduki ya shinikizo. Rangi ikichoma ngozi kwa bar 200, kidonda huonekana kama tundu la sindano, mtu anajifunga kitambaa na kuendelea, na baadaye anaweza kupoteza kidole au mkono. Huyo anapelekwa hospitali papo hapo, hapa mjini Bombo, pamoja na karatasi ya usalama ya bidhaa ili daktari ajue kilichoingia.

Praima, umande na mvua

Upande wa lango la mizigo ulikuwa na tatizo jingine. Vyuma vya upande huo vilitoka karakana ya pili, vikiwa vimepakwa praima ya redoksaidi ya alkidi, wakati vingine vilipigwa mchanga hadi Sa 2½ (kiwango cha usafi wa chuma) na kupakwa praima ya epoksi. Kwa macho zote mbili ni nyekundu-kahawia. Baadhi ya watengenezaji huruhusu alkidi nyembamba chini ya bidhaa zao; huyu hakuiruhusu, na orodha yake ya praima ilikuwa kwenye ukurasa wa pili wa maelekezo. Kiyeyusho kikali cha rangi ya kuvimba kililainisha alkidi, ikakunjamana, na vipande vikaanza kubanduka kwa kidole. Hata pale ilipoonekana kushika, praima inayolainika kwa joto inaweza kuliacha lile povu la kaa lidondoke mapema katika moto, na chuma kikabaki uchi wakati kinapohitaji kinga zaidi.

Jaribio la kulitambua tatizo hili ni la dakika chache: lowesha kitambaa kwa thina kali, sugua praima, tazama kama inalainika na kuchafua kitambaa. Epoksi iliyokomaa haibabaiki. Fundi wa VETA angeweza kulifanya jaribio hilo akiwa amefumba macho, kama angeambiwa kwamba aina ya praima ni jambo lake.

Halafu kuna hewa. Kanuni ya kawaida ni kwamba joto la chuma liwe angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande (joto ambalo mvuke wa hewa huanza kugeuka maji), na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Asubuhi ya pwani hewa ikiwa nyuzi 28 na unyevu 85, umande uko nyuzi 25.2. Chuma kilicholala nje kimepoa usiku kucha. Kikisoma nyuzi 26, tofauti haifiki hata nyuzi moja. Hupaki. Saa tano kasorobo hewa ikipanda hadi nyuzi 31 na unyevu ukashuka hadi 68, umande unakuwa nyuzi 24.4, na chuma chenye nyuzi 30 kina nafasi ya kutosha. Mafundi wetu walianza saa moja asubuhi kukwepa jua, tabia njema kwa mpiga plasta na mbaya kwa kazi hii. Karibu na bahari kuna chumvi pia, na chumvi haionekani kwa macho. Vyuma vilivyokaa wazi vioshwe kwa maji yasiyo na chumvi na vipimwe kabla ya mkono wa kwanza, hata kama praima ni nzuri.

Rangi ya juu, ile ya kuziba, haikuwa imepakwa upande wa lango. Viungo vinavyofanya rangi ivimbe ni amoniamu polifosfeti inayotoa tindikali, pentaerithritoli inayogeuka kaa, na melamini inayotoa gesi ya kulivimbisha kaa hilo hadi makumi ya mara ya unene wa awali. Sehemu ya viungo hivi huyeyuka majini. Mvua ya kwanza ya masika iliingia kwa upepo, ikaacha michirizi myeupe kwenye nguzo. Michirizi ile ni kinga yenyewe ikitoka. Rangi iliyooshwa namna hiyo haipakwi juu, inabanduliwa.

Kilichodaiwa baada ya hapo

Mshauri aliiandika upya ile sentensi ya mkataba. Haikuwa tena "waliothibitishwa". Ilidai tabaka nne, kila moja kwa jina la mtu na tarehe.

Msingi ni ufundi: cheti cha VETA cha upakaji rangi, au kwa fundi mzoefu asiyepita chuoni, utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao VETA wenyewe huuendesha. Hili halikumsumbua mtu. Tabaka la pili lilikuwa usalama na afya, pamoja na uchunguzi wa afya kwa wanaoshughulika na viyeyusho.

Tabaka la tatu ndilo lenye uzito. Mkufunzi wa mtengenezaji alikuja saiti kwa siku mbili. Siku ya kwanza ilikuwa ya kusoma jedwali: kila fundi alipewa aina tatu za chuma na kutakiwa kutoa unene mkavu, unene mbichi, idadi ya mikono na lita. Nusu ya darasa waliteleza kwenye boriti ya pande tatu, wakatumia namba ya pande nne. Siku ya pili ilikuwa ya mashine: kutoa vichujio, kuchagua tundu, kukoroga ndoo kwa kipekecho cha drili, kupima kwa kichana kila baada ya hatua chache, kusimamisha mashine bila kuacha rangi kwenye mpira. Thina ilipigwa marufuku isipokuwa kwa kiasi ambacho karatasi ya bidhaa inaruhusu, na kiandikwe kwenye daftari.

Tabaka la nne ni jaribio la mtu mmoja mmoja. Kila fundi alipulizia kipande cha IPE 160 cha mita moja kilichofungwa chini ya ubao kuiga slabu, alenge milimita 0.75 kavu kwa mkono mmoja. Kikakauka, kikapimwa na mtu mwingine: masomo mawili kwa kila mita kwenye kila uso wa mwili wa boriti, mawili kwenye uso wa nje wa flanji, moja kwenye uso wa ndani. Watano walipita mara ya kwanza. Wawili walishindwa palepale ambapo mkaguzi alikuta upungufu mkubwa, ndani ya flanji karibu na slabu, wakapewa kazi ya brashi kwenye maungio mpaka walipopita jaribio la pili. Kadi iliyotolewa iliandika jina, bidhaa, njia ya kupaka, jina la mkufunzi, tarehe ya kutolewa na ya kuisha, na namba ambayo ofisi ya mtengenezaji ingeithibitisha kwa barua pepe. Karatasi isiyo na mambo hayo karani aliagizwa airudishe.

Nje ya nchi mgawanyo huu umepewa sura rasmi. Uingereza ina mipango ya uthibitisho wa mtu wa tatu kama FIRAS na LPS 1531, ambayo hukagua kampuni pamoja na kazi zake kwenye saiti; baada ya moto wa Grenfell mwaka 2017 uliowaua watu 72, sheria ya usalama wa majengo ya mwaka 2022 iliweka wajibu wa umahiri kwa wanaosanifu na wanaojenga. Marekani husisitiza zaidi ukaguzi: kanuni za ujenzi za IBC, sura ya 17, hudai mkaguzi maalumu apime unene wa rangi ya kuvimba na wa plasta ya kupulizia, na plasta hiyo hupimwa pia uzito wake na jinsi inavyoshika. Kwa wanaoziba matundu ya mabomba na nyaya kwenye kuta za kuzuia moto kuna FM 4991, inayoitaka kampuni iwe na mtu aliyeteuliwa kuwajibika na aliyefaulu mtihani. Ukizitazama kwa makini, hata huko cheti cha kampuni hakimfanyi kila mfanyakazi awe fundi. Kosa la cheti cha saba linawezekana London kama linavyowezekana Pongwe.

Kuziba matundu kulijitokeza hapa pia, kwa ufupi. Fundi bomba alipitisha bomba la PVC la milimita 110 kwenye ukuta wa ngazi na kuzungushia povu la kopo, lile la kufungia madirisha. Povu hilo huungua, na bomba likiyeyuka tundu linabaki wazi. Kinachohitajika ni kola ya kuvimba, pete inayovimba kwa moto na kuziba tundu, pande zote mbili za ukuta, au upande wa chini kama ni sakafu, ikifungwa kwa boliti za chuma na wala si kwa plagi za plastiki. Fundi rangi mwenye kadi mpya akajitolea kuifunga. Alikataliwa, kwa haki: kadi yake ni ya kupulizia chuma, na kazi ya kola ina mafunzo yake.

Marekebisho yenyewe yaligawanyika. Upande wa lango ulibanduliwa hadi chuma, ukapigwa mchanga tena, epoksi, kisha mikono yote upya. Boriti ndogo zilizobaki, ambazo praima yake ilikuwa sahihi na rangi imekomaa, ziliongezewa mkono mmoja wa 0.75 na wa pili mwepesi pale masomo yalipodai. Sehemu zilizokwisha kupakwa rangi ya juu zilisubiri barua ya mtengenezaji, aliyetaka zisuguliwe kwa msasa hadi rangi ya juu iondoke kabla ya kuongeza. Sehemu laini zilikwanguliwa, kwa sababu hakuna muda wa kusubiri unaokiondoa kiyeyusho kilichofungiwa chini ya ngozi nene.

Malipo ndiyo hayakwisha kirahisi. Ndoo 13 zilizopungua kwenye boriti ndogo mkandarasi mdogo alikubali kuzilipia, maana daftari lake mwenyewe lilimshtaki. Kuhusu alkidi alisema, na alikuwa na hoja, kwamba vyuma vilipokelewa saiti na msimamizi wa mkandarasi mkuu bila karatasi ya praima. Kuhusu mafunzo ya siku mbili na siku za mashine kusimama, alitoa ile sentensi ya awali ya mkataba, akaonyesha vyeti saba vyenye muhuri wa karani, akauliza ni neno gani alilolivunja. Gharama hizo ziligawanywa nusu kwa nusu.